Nani Aligusa Ethi

Muziki ulikatika mara ya tatu wakati bibi harusi amefika katikati ya uwanja. Mara mbili za kwanza watu walikuwa wamecheka na kupiga miluzi. Mara hii hakuna aliyecheka. Bibi harusi alisimama mguu mmoja mbele, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda, na wasimamizi wake waliokuwa wakicheza nyuma yake wakabaki na mikono hewani. Ndani ya Noah nyeupe iliyoegeshwa kando ya migomba, taa ndogo nyekundu ya amplifaya iliwaka na haikuzimika.

Alfonce alikuwa ameshika kipaza sauti kisichosema kitu. Sauti ndiyo iliyokuwa shamba lake. Katika vijiji vya Ngara, kuanzia Kanazi mpaka Mabawe, hata Nyakisasa, watu walimjua kwa hiyo: ndiye aliyetangaza misiba, chanjo za watoto, mikutano ya hadhara na harusi. Viti vya nyuma vya Noah alikuwa ameving'oa akaweka spika mbili za besi, kila moja pana kama ungo, na juu ya paa akafunga honi nne. Besi ikigonga, vikombe vilitembea vyenyewe mezani. Wiki tatu kabla ya harusi hii alilipeleka gari likapakwa rangi upya, ndani na nje, kwa sababu baba wa bibi harusi alikuwa Mzee Gidioni, mwenyekiti wa parokia, na aliyefanya kazi nzuri kwa Mzee Gidioni hakukosa kazi mwaka mzima.

Sasa Mzee Gidioni alikuwa amesimama ubavuni pake, suti ya kijivu, mikono nyuma.

"Alfonce, mwanangu, ni nini?"

"Dakika moja tu, mzee. Fundi anaangalia."

Fundi alikuwa Kwizera, mdogo wake Nimpaye, mke wa Alfonce. Alikuwa amepiga magoti mlangoni pa nyuma na mita yake ya kupimia umeme, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye kuongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Muziki ule wote aliuunganisha yeye, waya kwa waya, na miaka tisa haukuwahi kumwaibisha Alfonce.

"Betri ni nzima," Kwizera alisema kwa sauti ya chini. "Gari likiunguruma inafika volti kumi na nne. Lakini huku kwenye amplifaya, besi ikigonga tu, zinaanguka mpaka kumi. Amplifaya ikiona hivyo inajizima. Umeme unapotelea njiani." Akainua macho. "Shemeji, nani aligusa ethi?"

Ethi ni ule waya mweusi, mnene kama kidole, unaofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Alfonce alikumbuka palepale. Fundi wa rangi alikuwa ameufungua ili apulizie sakafu. Siku Alfonce alipokwenda kuchukua gari, Kwizera alikuwa kwenye kazi ya sola kwa katekista, na yeye hakutaka kumngoja. Bolti ya zamani haikuonekana. Akaokota nyingine, akaukaza waya juu ya rangi mpya, akajiambia bolti ni bolti. Alikusudia kumwambia Kwizera, kisha siku zikapita kwa matangazo ya honi tu, bila besi.

Ilikuwa rahisi kusema. Maneno mawili tu. Lakini Mzee Gidioni alikuwa pale, pumzi yake inasikika.

"Hakuna aliyegusa," alisema Alfonce.

Kwizera alimtazama, si kwa muda mrefu. "Hakuna?"

"Nimekwambia hakuna. Nyaya ni kazi yako."

"Basi nipe dakika kumi nifungue hapa chini."

"Usifungue kitu!" Alfonce alisema kwa haraka mno. Alijua kitakachoonekana kikifunguliwa. "Watu wamesimama, wewe unataka kubomoa gari?"

Kwizera akaondoa mkono wake kwenye zulia la gari.

Hapo ndipo mtu mmoja nyuma, aliyekwisha kuonja pombe ya rubisi ya kutosha, akapaza sauti: "Labda wameuza shaba! Shaba siku hizi ina bei!" Watu wakacheka, na kicheko kile kikamfungulia Alfonce mlango. Wiki iliyopita alikuwa amemwona Kwizera nyumbani kwake na bunda la waya wa shaba. Hakuwa amelifikiria tena. Sasa lilimjia kama jambo alilokuwa akilijua siku zote.

"Ule waya niliouona kwako ulikuwa wa nini?" aliuliza, na sasa aliuliza ili watu wasikie.

"Upi, shemeji?"

"Unajua upi! Umenitolea waya mzima, ukaniwekea takataka!"

"Shemeji, tutaongea nyumbani," Kwizera alisema, bado kwa sauti ileile ya chini.

Upole ule ndio uliomtia Alfonce wazimu. Mtu anayejua amekosa hapendi kuvumiliwa. Akasema jambo ambalo hakujua kama alikuwa nalo.

"Ndivyo mlivyo! Mlikuja hapa na vifurushi kichwani, tukawapa mahali pa kulala, tukawapa na ardhi ya kulima. Leo mnatuibia! Jumatatu twende ofisini, tukaone una karatasi gani!"

Kwizera alikuwa amezaliwa Mabawe, na nusu ya watu pale walijua hata nyumba aliyozaliwa. Baba yake, marehemu Sindayigaya, ndiye aliyevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akiwa kijana. Na kulikuwa na wengine wengi uwanjani, wake, waume na wanywaji, ambao baba zao walivuka njia ileile. Kila mmoja wao alitazama mahali pengine.

Nimpaye alikuwa amesimama karibu na turubai la jikoni na sinia la wali mikononi. Alilitua chini polepole, kwenye nyasi. Akapita katikati ya watu mpaka kwa mdogo wake, akamfuta vumbi begani, ingawa halikuwapo.

"Genda amahoro, musaza wanje," alimwambia. Nenda kwa amani, ndugu yangu. Kihangaza cha wenyeji na Kirundi ni lugha ndugu. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuelewa.

Kwizera aliifunga mita yake kwenye kitambaa chake, akaondoka.

"Zima gari lako, Alfonce," alisema Mzee Gidioni. "Tutaimba kwa midomo."

Wakaimba kwa midomo. Kwaya ya akina mama ilianzisha, wazee wakapokea, na bibi harusi akatembea mpaka kwenye kiti chake kwa makofi na vigelegele. Ilikuwa harusi nzuri. Alfonce aliisikiliza kutoka kwenye usukani, vioo vimepandishwa, jasho linamtiririka.

*

Nimpaye alirudi nyumbani kwa miguu na akina mama wenzake. Alimwandalia mumewe chakula, akamnawisha mikono kama kawaida, akakaa upande wa pili wa meza bila sahani.

"Huli?" Alfonce aliuliza.

"Cheti changu cha kuzaliwa kiko kwenye mkoba wa bluu, juu ya kabati," alisema. "Vya watoto viko humohumo. Jumatatu ukienda ofisini, utubebe sote."

"Mke wangu, ilikuwa hasira."

"Najua ilikuwa hasira."

"Sikumaanisha wewe."

"Ulimaanisha nani?" Nimpaye aliuliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. "Mimi na Kwizera tumetoka tumbo moja. Vifurushi unavyosema alivibeba baba yangu. Ni huyohuyo uliyempigia magoti ukiniomba. Miaka kumi na nne nimelala kitanda kimoja na wewe, Alfonce. Hilo neno ulikuwa umeliweka wapi?"

Alfonce alisema tu kwamba kama mtu haibi, haogopi kuulizwa kuhusu waya.

"Ule waya ni wa sola ya katekista. Ungemuuliza, angekwambia."

Asubuhi, kabla ya Misa, Alfonce alijikaza akaenda nyumbani kwa Kwizera, nyumba mbili tu kutoka kwake. Alikuwa amepanga kusema kwa mzunguko: yaliyopita si ndwele, hasira ni ya watu wote. Alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Kuku walikuwa hawapo, kamba ya nguo tupu. Jirani akamwambia wameondoka alfajiri na pikipiki mbili, Kwizera na mtoto kwenye moja, Priscila mkewe na magodoro kwenye nyingine. Maharage yao yalikuwa bado shambani, yamekauka, yanangoja kung'olewa.

"Walikuwa wanakimbia nini?" jirani aliuliza.

Alfonce alitaka kusema hajui.

Wengine walisema: angekuwa hana kosa, angekimbia? Alfonce aliyasikia maneno hayo kwa siku mbili na yalimpa nafuu mbaya, nafuu ya kuegemea ukuta ambao unajua utaanguka.

*

Jumatatu alikwenda Ngara mjini akanunua betri mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Aliifunga, akawasha muziki. Wimbo ulikwenda vizuri mpaka besi ilipoingia. Taa nyekundu ikawaka.

Alisimama akiitazama. Mwili wake ulikuwa unajua ugonjwa ulipo, lakini mikono yake ilikwenda kila mahali isipokuwa hapo. Alibadilisha fyuzi. Alikaza mkanda wa oltaneta. Alichomoa spika moja, akairudisha. Siku ya Jumatano alikopa mita kwa fundi wa redio pale senta, akafanya kama alivyomwona Kwizera akifanya mara mia. Alipima kwenye betri: ni sawa. Akaufuata waya mwekundu mpaka nyuma, muziki ukiwa unapigwa: umeme ulipungua kidogo tu, si wa kusemwa. Ulikuwa ni uleule waya wa shaba, mzima, na alama ya rangi ya kucha ambayo Kwizera aliiweka kwenye ncha zake miaka tisa iliyopita ili asiuchanganye na mwingine. Hakuna aliyeubadilisha.

Ukabaki mweusi. Aliweka ncha moja ya mita kwenye amplifaya mahali ethi inapoingilia, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri kwa waya mrefu wa kuungia. Besi ikagonga, namba zikapanda: volti tatu na nusu. Zote zilikuwa zinapotea hapo.

Alifunua zulia. Bolti yake ilikuwa imekaa juu ya rangi nyeupe iliyong'aa, na pembeni yake rangi ilikuwa imeungua na kuwa nyeusi, duara dogo kama jicho la ng'ombe. Aliifungua. Alichukua msasa akaikwangua rangi mpaka chuma tupu kikatokea, akatafuta bolti ya kufaa, akaukaza waya. Kazi haikumaliza hata dakika kumi.

Alipowasha, mabati ya nyumba yalitetemeka. Besi ilitoka nzito na safi kama siku ya kwanza. Watoto wa jirani walikuja mbio wakaanza kucheza uani, na wapita njia wakapunga mikono: Alfonce amepona! Nimpaye alitoka ndani, mikono ina unga. Alfonce akazima.

"Ilikuwa nini?"

"Ethi. Ilifungwa juu ya rangi. Umeme haukuwa na njia ya kurudi."

"Nani aliifunga?"

Watoto walikuwa wanasubiri muziki urudi. Alfonce aliitazama bolti iliyokuwa kiganjani mwake.

"Mimi."

Nimpaye alipangusa unga mikononi. "Kwizera alikuuliza pale harusini. Mama mmoja alisikia, akaniambia. Ni kweli alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hakuna aliyegusa."

Alitarajia kilio, au matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Nimpaye alitingisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepimiwa kitu sokoni akakuta ni pungufu kama alivyodhani, akarudi kwenye unga wake.

*

Ilichukua zaidi ya mwezi Nimpaye kumwambia Alfonce mahali mdogo wake alipo. "Biharamulo, karibu na stendi. Anatengeneza redio. Usiende na watu."

Alikwenda peke yake, na Noah. Alipita Benako na Nyakahura akiwa nyuma ya malori, akapita Lusahunga, na njia nzima alikuwa akitengeneza maneno na kuyabomoa. Alimkuta Kwizera kwenye meza ya mbao chini ya mwavuli, redio mbili zimefunguliwa matumbo mbele yake. Amekonda. Alipomwona Alfonce alisimama kwa heshima, akafuta mkono kwenye suruali, akampa.

"Karibu, shemeji. Habari za Kanazi? Dada hajambo? Watoto?"

"Hawajambo. Wanakusalimu." Alfonce hakukaa. Alijua akikaa atazunguka. "Kwizera, ethi niliifunga mimi. Siku uliyokuwa kwa katekista. Juu ya rangi."

"Najua."

"Dada yako alikwambia?"

"Hapana. Niliiona siku ileile. Mimi niliweka bolti ya spana kumi na nne, na pale niliona ya kumi na mbili. Niliiona kabla sijakuuliza, nilipoinua pembe ya zulia."

"Uliiona? Sasa kwa nini hukusema? Ungesema, ningekosa la kusema!"

"Nilikuuliza ili useme mwenyewe. Nilijua utasema, ah, ni mimi, tutacheka, nitakaza, basi." Kwizera aliichukua bisibisi, akaiweka tena. "Uliposema hakuna, ningefanyaje? Mzee Gidioni alikuwa amesimama pale. Ningesema mbele yake kwamba mume wa dada yangu anasema uongo?"

Basi moja liliingia stendi likipiga honi, wapiga debe wakakimbia kulilaki. Alfonce alingoja lipite ili apate kusikia sauti yake mwenyewe.

"Nisamehe."

"Ya waya nilikwisha kukusamehe, shemeji. Waya ni waya."

"Basi rudi nyumbani. Maharage tuliyang'oa, dada yako ameyahifadhi. Nyumba ipo. Nitasema mbele ya watu kwamba hukuiba."

Kwizera alitabasamu, tabasamu la kumhurumia mgeni. "Kabla ya siku ile, nikitembea Kanazi nilikuwa natembea tu. Sikuwa nafikiri. Sasa nikikutana na mtu ananisalimia vizuri, nitajiuliza, na huyu naye akikasirika atasema nini? Hata dada nilimwambia: Alfonce hakutuma mtu kunifukuza. Lakini Priscila alikesha usiku ule akihesabu karatasi zetu. Cheti kimoja cha mtoto hatukukiona, kumbe kilikuwa shuleni. Unajua usiku kama huo ulivyo?"

"Sijui," Alfonce alisema.

"Hapa hawanijui. Ni vigumu, lakini ni afadhali." Akachukua spana. "Ngoja niitazame hiyo ethi yako ulivyoifunga, maana safari ni ndefu."

Akaenda mwenyewe nyuma ya Noah, akafunua zulia, akaijaribu bolti kwa spana, akaipaka grisi kidogo ili isishike kutu. "Umeifunga vizuri," alisema. Alfonce alitaka kumlipa, Kwizera akakataa kwa mkono. Angeipokea ile pesa, safari ya kurudi ingekuwa nyepesi zaidi.

*

Siku ya gulio la Kanazi iliyofuata, Alfonce aliegesha gari mahali pa kawaida, akawasha kipaza sauti. Watu walidhani ni tangazo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo aliuliza kwa sauti, "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki," alisema Alfonce, na honi nne zikayapeleka maneno mpaka ng'ambo ya bonde. "Ni mimi, Alfonce. Kwenye harusi ya Mzee Gidioni nilisema shemeji yangu Kwizera ameniibia waya. Hakuiba. Aliyeharibu ni mimi, nikasema uongo."

Akameza mate. Lilikuwa limebaki lile neno jingine. Alifungua mdomo, na honi zikatoa pumzi yake tu, kubwa, ya kutisha, juu ya soko zima. Akazima, akashuka.

Nimpaye alikuwa anapima maharage kwenye kopo nyuma ya mkeka wake. Hakuinua kichwa mpaka mteja alipoondoka.

"Hujamaliza," alisema.

"Nimeshindwa."

"Siku ile hukushindwa."

Alfonce alirudi garini, miguu mizito, watu wakimpisha. Akawasha tena. Alisema kwamba aliwatukana pia watu waliozaliwa hapa kama yeye, na wazazi wao, na mke wake, na watoto wake mwenyewe. Kwamba hakuwa na haki. Kwamba anaomba msamaha. Aliyasema vibaya, akirudiarudia, yeye ambaye alilipwa kwa kusema. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walicheka. Mzee Gidioni, aliyekuwa akinunua chumvi, alisema tu, "Ungeyasema siku ile, tungekuwa na muziki," akaenda zake.

Kwizera hakurudi kukaa. Nyumba yake aliipangisha kwa mwalimu. Pasaka alikuja na Priscila na mtoto, wakala, wakacheka na Nimpaye mpaka machozi yakamtoka, na jua lilipoanza kuinama wakaaga. Walipoondoka, nyumba ilikuwa kubwa mno.

Noah bado inatembea. Alfonce anajua sasa kupima mwenyewe, na kabla ya kila kazi hupiga magoti mlangoni pa nyuma na mita. Wateja wa siku nyingi humkuta hivyo, wakashangaa.

"Yule fundi wako, yule kijana mpole, yuko wapi siku hizi?"

Mwanzoni alikuwa akisema amesafiri. Sasa hasemi hivyo tena.

"Yuko Biharamulo," husema. "Nilimfukuza."

Kisha huinama, akaendelea kupima.